Rambirambi za Kila Mwezi

Mwanamke aliye edani hatoki nje, lakini hakuna aliyesema simu yake nayo isitoke. Shangazi yangu Hamida alilipeleka swali hilo kwa shehe wa msikiti wetu hapa Miyuji akiona haya, utadhani anauliza jambo la chumbani. Shehe akafikiri, akasema mjane akae ndani, asijipambe, asiposwe. Ila kama riziki inamfuata humo humo ndani kwa njia ya halali, aipokee. Shangazi akarudi na jibu hilo amevimba kichwa, kana kwamba fatwa ameitoa yeye.

Mimi sikufurahi wala sikuchukia. Nilikuwa na ganzi. Mume wangu Mustapha alikuwa fundi wa kenchi, akaanguka kutoka juu ya paa la jengo moja nje ya mji, asubuhi, kabla hata jua halijawa kali. Tangu waliponiletea habari ile nikawa kama nyumba iliyokatiwa umeme: unabonyeza swichi, hakuna kitu. Nilikula nilipoambiwa kula, nikalala nilipoambiwa kulala. Watu wakanisifia subira. Subira gani? Mwenye subira anasikia maumivu akayavumilia. Mimi nilikuwa sisikii chochote, na sifa nikazipokea tu.

Jambo moja nililijua vizuri hata ndani ya ganzi ile. Siku ya hitma, Mzee Mbwana, baba mkubwa wa Mustapha, alisema mbele ya watu wote kwamba eda ikiisha watakuja tena kutoka Kondoa, wakae kikao. Nikionyesha kwamba nina riziki ya kudumu, binti yetu Sabrina atabaki kwangu. Nisipoonyesha, atakwenda kulelewa na bibi yake, Bi Mwajabu, kule Kondoa, mpaka nitakapojiweza.

"Hatukunyang'anyi, mwanangu," alisema. "Lakini mtoto hali huzuni akashiba."

Uwesu, kaka mkubwa wa Mustapha, alikaa pembeni ya mkeka, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, hakusema neno. Uwesu analima, na msimu ukifika ananunua mbaazi na alizeti za wenzake akaziuza mjini. Ni mtu wa kuhesabu maneno yake kama noti. Nikaona ukimya ule ni wa mtu aliyekwisha kumpangia mtoto mahali pa kulala. Nikamwandika moyoni kuwa ndiye adui.

Kabla ya msiba nilikuwa nauza vitenge soko la Majengo. Mwezi wa kwanza wa eda haujaisha, mwenye kibanda akampa mtu mwingine. Sikumlaumu, kibanda hakikai eda. Mafundi wenzake Mustapha wakachanga kwa mara ya pili, wakaniletea bahasha. Nikampa Shangazi airudishe. Rambirambi zao nilikwisha kuzipokea siku ya mazishi. Za pili zingenifanya ombaomba, na kwetu hatukuzaliwa hivyo. Shangazi alinung'unika siku nzima kwamba kiburi cha maskini ni kama gari bila mafuta, lakini bahasha akairudisha.

Ndipo akaingia Devota. Ni binti wa Kibakwe, anasoma chuo kikuu, amepanga chumba cha nyuma. Aliketi kwenye mkeka wangu, akanionyesha simu yake.

"Dada Asma, hii kazi unaifanya umekaa hapo hapo," alisema. "Link tu."

Ilikuwa tovuti ya masomo, inaitwa SomoTamu. Mzazi analipa elfu kumi kwa mwezi, mtoto wake anapata masomo yaliyorekodiwa na mitihani ya kujipima. Kila mtu anayejiunga kupitia kiungo chako, kampuni inakupa wewe elfu tatu. Si mara moja tu: kila mwezi atakaolipa, elfu tatu yako ipo.

"Na asipolipa?"

"Asipolipa huna kitu. Ndiyo maana nakwambia, dada, kumwingiza mtu siyo issue. Issue ni kumbakiza. Wangu mimi wanaingia mwezi wa mitihani, mitihani ikiisha huwaoni. Nimeingiza watu wengi, ukiangalia waliobaki, unaweza kuwaalika chai na kikombe kikabaki."

Mimi ni mfanyabiashara, jambo hilo nililielewa haraka kuliko alivyotegemea. Mteja wa kitenge unamuuzia mara moja, akitoka amekwisha. Huyu wa tovuti ni kama mpangaji: faida yake iko katika kukaa. Mwenye wapangaji ishirini wanaokaa anamzidi mwenye mia wanaohama. Haba na haba hujaza kibaba, alimradi kibaba kisivuje.

Nikaandika ujumbe mmoja, nikawatumia watu wote waliokuwa matangani na namba zao ninazo. "Mimi ni Asma, mke wa marehemu Mustapha. Nikiwa edani nafanya kazi hii. Anayeweza kumwandikisha mwanawe, nitashukuru." Sikubembeleza. Niliuza kama ninavyouza kitenge: ukitaka, hiki hapa.

Wakaingia. Kwenye simu kulikuwa na ukurasa wa mawakala. Kila mtu aliyejiunga jina lake linatokea, na mbele yake kidoa cha kijani chenye neno "hai". Wakaingia majirani, wakaingia mama wa sokoni, wakaingia mafundi wale wale wa bahasha. Kisha siku moja Kondoa ikafunguka. Wakaja kwa mkupuo: muuza nyama, mwenye mashine ya kusaga, vijana wa mizani, wajomba, binamu, watu ambao nilikuwa siwajui hata kwa sura. Niliwatumia ujumbe ndugu wachache tu wa kule, wakarudi karibu arobaini. Nikawaza, kumbe watu wa Kondoa wanapenda elimu kiasi hiki! Na sisi huku mjini tunawasema ni washamba.

Mwezi wa pili wakalipa wote. Wa tatu wakalipa wote. Nilikuwa nakaa dirishani, nimejifunga kanga nyeupe, naviangalia vile vidoa vya kijani. Devota alikuwa anapiga kelele za furaha kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nasema "alhamdulillahi" kwa sababu ndilo neno la mahali pale, basi.

Kampuni yenyewe ikashangaa. Akanipigia kijana mmoja wa ofisini kwao Dar es Salaam, akajitambulisha kwa jina la Octavian.

"Dada, mawakala wetu wengi nusu ya wateja wao wanaondoka mwezi wa kwanza," alisema. "Wako hawaondoki. Unawafanyaje?"

"Siwafanyi kitu. Niko edani."

Nadhani hakujua eda ni nini. Akanieleza kwamba mawakala wenye wateja wa kudumu wanaruhusiwa kubadili malipo. Badala ya elfu tatu kila mwezi, kampuni itanipa elfu kumi na tano kwa kila mteja, mara moja, leo. Baada ya hapo mteja ni wa kampuni, sina langu tena kwake. Ila mteja akiondoka kabla ya nusu mwaka kupita tangu nilipwe, ile elfu kumi na tano inarudi kwao. Wataikata kwenye kila nitakachopata mbele.

Nilipiga hesabu. Wateja wangu walikuwa kama sitini. Mkupuo ule ulitosha kulipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima, na ada ya Sabrina, na kikao kingenikuta nimekaa kwenye nyumba iliyolipiwa. Elfu tatu tatu za kila mwezi nisingeweza kuziweka mezani mbele ya Mzee Mbwana akaziona. Risiti ya kodi angeiona. Na kuhusu kuondoka, nani angeondoka? Kwa miezi yote ile hakuna aliyeondoka.

"Dada, ngoja kwanza," Devota alisema nilipomwambia. Alichukua simu yangu akaingia mahali ambapo mimi sikuwahi kuingia. "Angalia hapa. Hawa watu wako wanalipa, lakini hawaingii. Hakuna somo hata moja lililofunguliwa. Huyu wa Kondoa, zero. Huyu, zero. Huyu naye."

"Wanalipa au hawalipi?"

"Wanalipa."

"Sasa wewe unataka nini tena? Mimi nikiuza kitenge namfuata mtu kwake kuangalia kama amekivaa?"

Devota akacheka, akaniachia simu yangu. Laiti ningekuwa mzima siku ile, ningeuona ukweli ukiwa umekaa mbele yangu umekunja nne. Lakini mtu mwenye ganzi ukimkanyaga mguu hajui. Nikabonyeza palipoandikwa "Nakubali". Fedha zikaingia. Nikalipa kodi, nikalipa ada, risiti nikazipiga pasi kwa kiganja nikaziweka kwenye mkoba.

Miezi minne na siku kumi ikatimia. Wanawake wakaja kunitoa edani. Waliniogesha, wakanivalisha nguo ya rangi, wakaniombea dua, Shangazi akapika pilau. Nilitoka nje ya mlango, upepo wa Dodoma ukanipiga vumbi usoni kama kawaida yake. Nikawa mtu wa kutembea tena.

Kesho yake simu ikalia mlio mdogo. "Mwanachama mmoja ameondoka." Halafu mwingine. Mpaka jioni vidoa vya watu wa Miyuji vilikuwa vinazimika kimoja kimoja, mama wa sokoni, mafundi, majirani. Nikatoka kwenda kwa Ruthu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mgogo, mwimba kwaya, mtu asiyejua kusema uongo hata wa adabu.

"Mama Sabrina, mbona umetoka na jua hili? Karibu."

"Nimekaribia. Ruthu, umeacha kulipa ile ya masomo?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si umeshatoka eda, mama?"

"Nimetoka."

"Basi. Mimi nililipa mpaka utoke. Tulikubaliana hivyo wote hapa mtaani, tusikuache katikati. Au kuna kitu kimepungua?"

Wanawe wote walikwisha kumaliza shule. Wa mwisho anaendesha bodaboda. Niliona haya mpaka kwenye vidole vya miguu, au niseme nilijua kwamba hapa ndipo mtu huona haya.

"Hakuna kilichopungua," nikamjibu. "Nimekuja kushukuru."

Nilirudi nyumbani nikakaa. Kwa hiyo haikuwa biashara. Ilikuwa bahasha ile ile niliyoirudisha, imepita dirishani. Nami ningefanya nini? Rambirambi haidaiwi. Huwezi kwenda kwa mtu ukamwambia endelea kunililia mume wangu miezi mitano zaidi, kampuni inataka. Kila aliyeondoka aliniachia deni la elfu kumi na tano, na fedha yenyewe ilikuwa kwa mwenye nyumba.

Lakini Kondoa haikutikisika. Vidoa karibu arobaini vilibaki kijani vyote, havina habari na eda yangu. Nikajishikiza hapo. Nikajiambia hao ni wateja kweli. Hao hawakuwahi hata kuniona, watanililia kwa lipi? Deni la watu wa Miyuji nitalilipa polepole, kwa wateja wapya. Kwa Kondoa hii naweza kusimama mbele ya kikao.

Wakaja siku ya Jumamosi, kwa gari dogo la kuazima: Mzee Mbwana, Bi Mwajabu na Uwesu. Niliwapigia magoti, shikamoo kwa kila mmoja, nikawatandikia mkeka sebuleni. Shangazi Hamida akakaa upande wangu. Sabrina alimlalia bibi yake mapajani, bibi akawa anamfumua nywele na kumsuka upya, maana hakupenda nilivyomsuka.

Mzee Mbwana akafungua kwa dua. Kisha akasema, "Haya, binti yetu. Tueleze unavyoishi."

Nikaeleza. Sauti yangu ilikuwa imenyooka, sikutetemeka. Nikatoa risiti ya kodi, nikatoa ya ada. Nikawaonyesha simu, vile vidoa. Nikawaambia kila kidoa ni mtu anayelipa kila mwezi. Sikusema kwamba nimekwisha kulipwa kwa mkupuo, wala habari ya kurudisha. Sikuulizwa, na mimi si mjinga wa kujichomea nyumba.

Mzee Mbwana aliigeuza ile risiti ya kodi mbele na nyuma. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, baba."

"Mashallah. Mama Uwesu, wewe unasemaje?"

Bi Mwajabu hakuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mjukuu wake. "Mtoto akae na mama yake," alisema. "Mimi ningependa awe kwangu, simfichi mtu. Lakini kama mama yake anajiweza, akae."

Hivyo tu, ikawa imekwisha. Shangazi alinifinya paja kwa furaha. Nilingoja kitu kije, raha, nafuu, chochote. Hakikuja, lakini nilijua nimeshinda, na kujua kulinitosha.

Uwesu akavua kofia yake. Nilikuwa sijawahi kumwona kichwa wazi mbele ya wakubwa. Akatabasamu, meno yote.

"Shemeji, sasa moyo wangu umetulia," alisema. "Ngoja niseme, maana limekwisha, halina aibu tena. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Sasa naona umepata wateja wako, umesimama. Basi wale wangu, kwa vile eda imekwisha, jana nimewaambia mwezi ujao wasimamishe."

"Wale wako nani, shemeji?"

"Wa Kondoa." Alicheka kidogo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Wale hawana habari na masomo. Nilikusanya namba za watu, kila mwezi nampa wakala wa fedha anawalipia wote. Elfu kumi kumi. Nilisema huyu hataki bahasha, atakubali biashara. Nikauza wale maksai wangu wawili, nikaona wanatosha mpaka utoke eda. Kutoa ni moyo. Marehemu angenifanyia mimi hivyo hivyo."

Bi Mwajabu mkono ukasimama kwenye nywele za mtoto. Kumbe hata mama yake alikuwa hajui. "Uwesu, maksai uliniambia wamekufa."

"Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Maksai wale ninawajua. Mustapha alinionyesha mwaka tuliooana, wakiwa ndama. Ndio waliokuwa wanavuta jembe shamba lote la Uwesu na mashamba ya jirani zake kwa ujira. Mtu asiye na maksai kule analima kwa mkono wake na wa mke wake, basi.

Na hapo, baada ya miezi yote ile, kitu kikaniwaka kifuani. Nilidhani kikija kitakuwa machozi. Kikaja hasira, hasira ya mtu wa sokoni aliyeona mali inamwagwa. Nikasimama. Mbele ya mkwe, mbele ya Mzee Mbwana, nikasimama nikampigia kelele shemeji yangu mkubwa.

"Umefanya nini, Uwesu? Umefanya nini wewe? Unajua katika ile elfu kumi mimi nilikuwa napata ngapi? Tatu! Elfu tatu! Saba zote wanachukua wao! Watu wa ofisini, hata kaburi la Mustapha hawalijui! Umeuza maksai kuwapa watu usiowajua!"

"Shemeji, mimi nilidhani..."

"Ulidhani! Na hata hiyo tatu sinayo! Wamenilipa mbele, nimelipia kodi, sasa watu wako wakiondoka wanaitaka irudi yote! Umenipa kwa mkono huu, na jana umenipokonya kwa huu! Sina kitu! Sina mteja hata mmoja, nina deni!"

Nilinyamaza kwa sababu pumzi iliniishia. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na mimi wangu uliponza kitu kikubwa kuliko kichwa.

Uwesu alikuwa anaiangalia kofia yake, anaikunja, anaikunjua. Midomo yake ilicheza kidogo, nikajua anapiga hesabu: saba kwa kila kumi, mara watu wote wale, mara miezi yote ile. Alipofika mwisho wa hesabu akaivaa kofia yake, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Mzee Mbwana aliirudisha risiti kwenye mkeka, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. "Kwa hiyo riziki haipo," alisema.

Ningeweza bado kusema kitu. Ningesema nitatafuta wateja wapya, nitarudi Majengo, nipeni miezi. Lakini hasira ilikuwa imepita, na nyuma yake lilikuja lile ambalo nilikuwa nimelikimbia bila kujua kwamba nakimbia. Mustapha amekufa. Hakuna pa kumwuliza.

"Haipo," nikasema.

"Basi mtoto tutakwenda naye. Mpaka ujiweze. Sikukatazi kumwona, na hatusemi jambo hili kwa watu."

Sabrina aliniangalia mimi, akamwangalia bibi yake. Nywele zake nusu zilikuwa zimesukwa, nusu zimesimama. "Mama, na madaftari nibebe?" aliuliza.

"Yabebe," nikamwambia.

Waliondoka Jumapili, mara tu baada ya sala ya alfajiri, maana gari lilikuwa la watu. Bi Mwajabu alikaa mbele na Mzee Mbwana akashika usukani. Uwesu alimbeba Sabrina kutoka kitandani, angali na usingizi, akamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya begi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sasa kila kitu kilikuwa kinauma: mgongo, meno, mahali pa kitanda panapobaki moto mtoto akiondolewa. Nilitaka ganzi yangu irudi.

Uwesu akazunguka gari, akaja karibu nami. Nilidhani amekuja kunilaumu, na nilikuwa tayari, kwa kuwa alikuwa na haki.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Jana sikulala. Nauliza tu nijue. Ningekuja hapa kila mwezi nikakupa mkononi, zote kumi, ungepokea?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi kwangu, na angeondoka na kosa lake peke yake. Nikamtazama mtu yule aliyeuza nguvu za shamba lake ili mimi nisijione ombaomba.

"Nisingepokea," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingia nyuma, akamnyanyua Sabrina kichwa kutoka kwenye begi akakilaza mapajani mwake, na mlango akaufunga polepole, asije akamwamsha.